Karate ni mkono mtupu, siyo mkono wa ugomvi



Siku ya posho mchana, ukipita katika kambi ao katika mji, hutakosa kuona watoto wakirusha miguu juu na kupiga hewa kwa ngumi, huku wakipaza sauti kali. Ukiwauliza wanafanya nini, watakujibu kwa neno moja: karate. Wazazi wengine wanacheka. Wengine wanakasirika na kusema hayo ni masomo ya wahuni. Na mara kwa mara kijana anajaribu kuvunja tofali kwa mkono, sawa vile alivyoona katika sinema, kisha analetwa kwenye dispensari mkono umevimba hata hawezi kufunga vidole.

Ni juu ya mkono ule tunasema leo katika ukurasa wetu wa usalama na afya. Mkono wa baba ndio unaoleta posho nyumbani. Mkono wa kijana ndio utakaoshika kesho kalamu, ufunguo wa fundi ao usukani wa lori. Hatuandiki ili kukataza karate. Tunaandika ili kila mtu ajue maana yake ni nini, ilitoka wapi, na namna gani inaweza kujenga mwili ao kuuharibu. Mtu akijua asili ya kitu, hakitumii ovyo.

JINA LAKE MAANA YAKE NINI?

Neno karate ni la Kijapani, nalo lina vipande viwili. «Kara» maana yake tupu. «Te» maana yake mkono. Basi karate ni mkono mtupu. Kwetu sisi, mtu akienda kwa wakwe mikono mitupu ni haya. Kwa Wajapani, mkono mtupu ni mkono usioshika kisu, fimbo wala bunduki: mtu anajilinda kwa mwili wake tu. Mara nyingi wanaongeza neno «do», maana yake njia. Karate-do ni njia ya mkono mtupu. «Do» hiyo ndiyo ile tunayoisikia katika judo. Wanaiita njia kwa sababu mtu anaifuata miaka mingi, siyo kwa juma mbili kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli.

Lakini zamani jina halikuandikwa hivi. Wajapani wanaandika kwa alama zilizotoka China, na inatokea alama mbili zenye maana mbalimbali kusomwa kwa sauti moja. «Kara» ya zamani iliandikwa kwa alama iliyomaanisha China, hivi jina lilikuwa «mkono wa Kichina». Mwaka wa 1905, mwalimu mmoja wa Okinawa, Hanashiro Chomo, aliandika jina lile kwa alama ya «tupu». Tarehe 25 Oktoba 1936 waalimu wakubwa walikutana katika mji wa Naha, wakapatana kuandika «mkono mtupu». Wakati ule chuki kati ya Japani na China ilikuwa kubwa, na vita yao ikaanza mwaka uliofuata. Kwa hiyo Wajapani wengi hawakupenda jina la China libaki katika mchezo wao.

Mwalimu Funakoshi Gichin aliipa alama ile mpya maana ya ndani zaidi. Kwake, utupu haukuwa wa mkono peke yake. Mwanafunzi alipashwa kutoa ndani ya moyo wake majivuno na tamaa, akawa kama mwanzi: ndani ni mtupu, lakini nje umenyoka.

ILITOKA WAPI?

Watu wengi wanafikiri karate ilizaliwa Tokyo. Sivyo. Ilizaliwa Okinawa, kisiwa kikubwa kati ya visiwa vya Ryukyu, kusini kabisa mwa Japani. Tangu mwaka wa 1429 visiwa vile vilikuwa ufalme mmoja wenye mfalme wake katika mji wa Shuri. Watu wake walikuwa wafanya biashara wa baharini. Merikebu zao zilikwenda China, Korea na nchi za kusini. Wachina kutoka jimbo la Fujian nao walikuja kukaa karibu na Naha. Hivi, pamoja na hariri na vyombo, kulifika pia elimu ya Kichina ya kupigana kwa mikono. Wenyeji wa Okinawa walikuwa na namna yao, waliyoiita «te» tu, ni kusema mkono. Vitu viwili vikachanganyika. Namna tatu zikajulikana kwa majina ya miji mitatu: Shuri, Naha na Tomari.

Mwaka wa 1609 askari wa Satsuma, kutoka Japani, waliushambulia ufalme ule na kuutia chini ya utawala wao. Mwaka wa 1879 Japani iliuondoa ufalme wenyewe na kufanya Okinawa kuwa jimbo lake. Kuna hadithi inayosema wakulima walinyang'anywa silaha, ndipo wakavumbua karate ili kupigana na wenye panga. Hadithi hiyo inapendeza, lakini waalimu wa zamani wanaojulikana kwa majina walikuwa hasa watu wa jamaa za watumishi wa mfalme. Walifundisha kwa siri, mwanafunzi mmoja mmoja. Funakoshi, aliyezaliwa mwaka wa 1868, alikuwa mtoto dhaifu. Alikuwa akienda usiku nyumbani kwa mwalimu wake Azato, na pale alirudia mwendo mmoja miezi na miezi, hata mwalimu aridhike. Mtoto yule dhaifu aliishi miaka 88. Alikufa mwaka wa 1957.

KARATE INAINGIA SHULE

Mtu aliyeitoa karate katika siri ni Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka wa 1831. Mwaka wa 1901 masomo yake yaliingia katika shule ya watoto huko Shuri. Mwaka wa 1908 aliandikia wakubwa wa elimu barua yenye mashauri kumi. Alieleza kwamba karate inatia mwili nguvu, na kwamba haikufanywa ili mtu atafute wa kupigana naye, bali ili aepuke kuumizwa.

Angalieni jambo lingine alilofanya mzee huyu. Alijua kwamba mtoto hapashwi kufundishwa sawa na mtu mzima. Akapanga miendo mitano iliyo rahisi zaidi kwa wanafunzi wa shule, akaiita Pinan, maana yake amani na utulivu. Mpaka leo watoto wa nchi nyingi wanaanza na miendo hiyo. Ndiyo kusema, somo la kwanza la mtoto katika karate lina jina la amani.

Mwaka wa 1922 Funakoshi, aliyekuwa mwalimu wa shule, alikwenda Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya michezo. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka wa 1882, alimwalika katika nyumba yake ya mazoezi, Kodokan. Kutoka judo, karate ilichukua kimono nyeupe na mkaba wa rangi unaoonyesha cheo cha mwanafunzi. Mwaka wa 1924 chuo kikuu cha Keio kilikuwa na kundi lake la karate. Kisha waalimu walijenga kila mmoja namna yake. Nne zinajulikana sana: Shotokan ya Funakoshi, Goju-ryu ya Miyagi Chojun, Shito-ryu ya Mabuni Kenwa na Wado-ryu ya Otsuka Hironori. Baadaye Oyama Masutatsu alianzisha Kyokushin, ambamo watu wanapigana kwa mapigo ya kweli mwilini.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka wa 1970. Karate iliingia Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021, na Kiyuna Ryo, mwana wa Okinawa, akashinda medali ya dhahabu katika kata, ni kusema miendo ya peke yake, bila kumgusa mtu yeyote. Katika michezo ya Paris ya mwaka wa 2024 karate haikuwemo.

SINEMA SIYO MWALIMU

Vijana wengi wa miaka ya 1970 walijua jina moja: Bruce Lee. Alikufa mwaka wa 1973, lakini picha zake zilizunguka Afrika nzima. Inafaa tuseme wazi: Bruce Lee hakuwa mtu wa karate. Alijifunza kung-fu ya Wachina huko Hong Kong, kisha akatunga namna yake mwenyewe. Kung-fu na karate ni jamaa, lakini siyo kitu kimoja.

Tena, katika sinema mtu mmoja anapiga kumi, naye anarudi nyumbani bila jeraha. Mapigo yale yamepangwa mbele, na sauti za ngumi zinatiwa nyuma. Kijana anayeiga anaona mwisho tu. Haoni miaka ya mazoezi, wala haoni kwamba yule aliyeanguka anaamka baada ya picha kukatwa. Kwetu kwenye dispensari, aliyeanguka haamki kila mara.

Mahali pa kweli pa karate panaitwa dojo. Mwanafunzi anaingia kwa kuinama, anatoka kwa kuinama. Masomo yana sehemu tatu: mapigo ya msingi, kila moja peke yake, kata, ni kusema miendo iliyopangwa, sawa na mtu anayepigana na adui asiyeonekana, na mwisho kumite, mazoezi ya watu wawili. Katika namna nyingi za karate, ngumi inayokwenda usoni sherti isimame kabla ya kuumiza. Kupiga, hata mlevi anaweza. Kusimamisha ngumi yenye nguvu karibu na ngozi ya mwenzako, hapo ndipo mwalimu anaona nani amejifunza. Funakoshi alifundisha pia kwamba katika karate hakuna kupiga wa kwanza. Anayeanza ugomvi amekwisha kutoka katika njia.

FAIDA KWA MWILI

Mtu anayefanya karate kwa utaratibu anapata mapafu yanayovuta pumzi vizuri, moyo wenye nguvu, miguu imara na mwili usioanguka upesi. Mtoto anajifunza kusikiliza na kungoja zamu yake. Mfanyakazi aliyekaa saa nyingi kwenye mashini ananyosha mgongo na viungo. Msichana naye anaweza kujifunza sawa na mvulana. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa, damu kupanda ao shida ya kuvuta pumzi, aonane kwanza na mganga. Mama mwenye mimba asiingie katika mazoezi ya kupigana.

HATARI NA NAMNA YA KUZIEPUKA

1. Ngumi mbaya. Gumba lisifungwe ndani ya vidole. Likiwa ndani linavunjika. Karate inapiga kwa vifundo viwili, cha shahada na cha kati, na kiwiko cha mkono kimenyoka sawa na fimbo. Mtu asiyefundishwa anapiga kwa upande wa kidole kidogo, na mfupa wa hapo ndio unaovunjika mara nyingi. Usipotengenezwa vema, mkono unabaki bila nguvu ya kushika nyundo.

2. Matofali na mbao. Wajapani wana mti uliofungwa majani ya mpunga, makiwara, wa kuzoeza ngumi polepole, miaka na miaka, mbele ya mwalimu. Siyo ukuta wa nyumba. Mifupa ya mtoto bado inakua. Mtoto asipige kitu kigumu hata kidogo.

3. Jeraha la jino. Ngumi ikigonga jino la mwingine na ngozi ya kifundo ikipasuka, hata kidogo, usidharau. Mate ya mtu yana vijidudu vingi, na kiungo kinaweza kuoza. Osha kwa maji mengi na sabuni, uende kwa mganga siku ile ile.

4. Kichwa. Mtu aliyepigwa kichwani akaona giza, akasahau ao akayumba, aache mazoezi siku ile, hata akisema yuko mzima. Asiachwe peke yake. Akitapika, akiumwa kichwa zaidi na zaidi, akisinzia na ni vigumu kumwamsha, ao mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali mara moja.

5. Kifua. Pigo la ghafula mbele ya moyo linaweza, mara chache, kusimamisha moyo wa kijana mzima. Akianguka, haitiki wala havuti pumzi vizuri, mwenye kujua huduma ya kwanza aanze mara moja kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, na mwingine akimbie kuita msaada.

6. Damu. Ikitoka, mchezo usimame. Jeraha lifunikwe, damu ipanguswe chini, kimono ibadilishwe. Ugonjwa wa ini na SIDA vinaweza kupita katika damu. Pua ikitoka damu, mtu ainamishe kichwa mbele, siyo nyuma, na kubana pua dakika kumi.

7. Jino lililong'oka. Jino la mtu mzima lisitupwe. Shika upande wa juu, siyo mzizi. Litie katika maziwa, ukimbie kwa mganga wa meno. Ndani ya saa moja kuna matumaini ya kulirudisha.

8. Kuanza bila kupasha mwili moto. Dakika kumi za kukimbia polepole na kunyosha viungo zinalinda nyama na mishipa. Kunywa maji mbele na nyuma ya mazoezi, zaidi wakati wa joto la mwezi wa kumi.

KARATE NA KAZI YETU

Ndugu wafanyakazi, hapa tuseme bila kufichana. Michezo ya kupigana isiingie kazini. Katika nyumba ya kubadili nguo, kwenye foleni ya kushuka chini ya udongo, karibu na mkanda wa mashini ao mbele ya lori, rafiki anamrushia rafiki teke la kucheka. Mmoja anarudi nyuma hatua moja, na hatua ile ndiyo ya hatari. Sakafu ina mafuta, nyuma kuna chuma kinachozunguka, lori haliwezi kusimama mara moja. Hakuna nia mbaya, lakini jamaa inalia.

Na anayejua karate kweli ndiye wa kwanza kukataa michezo hiyo. Waalimu wa Japani wana neno «zanshin». Maana yake ni akili inayobaki macho hata baada ya pigo kwisha: mtu hageuki, hacheki, haangalii pembeni mpaka hatari imeondoka kabisa. Hiyo tunaihitaji kila siku. Fundi amemaliza kutengeneza mashini, lakini bado anahesabu vyombo vyake na kuangalia nani amesimama karibu kabla ya kuwasha. Mchimbaji amesikia baruti imelia, lakini hakimbilii mbele. Anangoja saa iliyowekwa na ruhusa ya mkubwa wa kazi. Huyo amefanya zanshin, hata kama hajavaa kimono siku moja.

WAZAZI, ULIZENI KWANZA

Mtoto akiomba kuingia dojo, msimkatalie bure, wala msimwachilie bure. Baba ao mama aende mwenyewe, akae pembeni somo moja, aulize haya:

Mwalimu alijifunza kwa nani, na miaka mingapi?

Watoto wadogo wanatengwa na wakubwa?

Kuna mtu anayejua huduma ya kwanza, na sanduku la dawa liko wapi?

Mtoto akipiga mwenzake barabarani, mwalimu anafanya nini?

Jibu la ulizo hili la mwisho lina uzito kupita yote. Mwalimu akicheka na kusema «hiyo inaonyesha amejifunza», mshike mtoto mkono mrudi nyumbani. Akisema mtoto yule atakaa pembeni bila mazoezi mpaka aombe msamaha, mwache mtoto wako pale.

Nanyi vijana, mnaopenda karate kwa sababu ya nguvu yake, kumbukeni mtoto dhaifu wa Okinawa aliyekwenda usiku kwa mwalimu, akarudia mwendo mmoja miezi na miezi. Hakuvunja tofali la jirani. Anayetaka kuanza, aje kwanza kwenye dispensari tumpime moyo, mapafu na macho. Na anayeumia, hata kama anaona haya kusema ameumia namna gani, aje mapema. Mkono uliovunjika leo tunaweza kuutengeneza. Ule uliofichwa majuma matatu unatushinda mara nyingi.